Ligamenti ya goti imechanika: kisu au mazoezi? Magoti mawili ya nyumba moja

Nyumbani kwetu Tanga kuna magoti mawili yaliyochanika ligamenti ileile, moja langu, la pili la mpwa wangu. Yalipishana miezi minne. Mimi nilikuwa na miaka 41, mwalimu wa sekondari ninayecheza na maveterani Jumapili asubuhi. Yeye alikuwa na miaka 19, winga mwenye mbio, anayelala na kuamka na Ligi Kuu. Langu halikupasuliwa, lake lilipasuliwa, na watu wakitukuta barazani huuliza ni nani kati yetu aliyedanganywa na daktari. Hakuna aliyedanganywa. Swali la kisu au mazoezi huulizwa mapema mno, na wengi hulijibu kwa kutazama goti la mtu mwingine.

Tuanze na jina, maana "mishipa ya goti" ya mtaani inafunika mambo mengi. Goti lina ligamenti kuu nne. Mbili zimekaa pembeni, ya ndani na ya nje. Mbili zimepishana katikati kama herufi X, moja mbele na moja nyuma. Ile ya mbele ndiyo madaktari na watangazaji wa mpira huiita ACL. Kazi yake ni kuuzuia mfupa wa muundi usiteleze kwenda mbele, na usijizungushe ovyo pale mwili unapogeuka. Kwa hiyo ukiambiwa "ligamenti imechanika", uliza ipi. Ya pembeni kwa ndani ikichanika peke yake, mara nyingi hupona kwa kifunga goti na mazoezi. Ya nyuma ikiumia peke yake, nayo kwa kawaida hutibiwa bila kisu. Mabishano yote ni ya ACL, kwa sababu imezungukwa na majimaji ya goti na ncha zake zikiachana huwa vigumu kukutana tena vizuri.

Mkono wa daktari, eksirei, MRI

Hakuna aliyetugusa, si mimi wala yeye. Mimi niliruka kupiga kichwa nikatua kwa mguu mmoja. Yeye alikuwa anamgeuza beki, njumu ikashika nyasi, mwili ukaenda mguu ukabaki. Sote tulisikia mlio, "tak!", na sote goti lilivimba kabla ya magharibi. Hadithi hiyo peke yake inatosha kumfanya daktari mzuri awaze ACL kabla hajakugusa. Uvimbe unaokuja ndani ya saa chache kwa kawaida ni damu iliyomwagika ndani ya goti. Unaosubiri hadi kesho yake mara nyingi ni maji, na huwa ni jambo jepesi zaidi. Daktari asiyekuuliza uvimbe ulikuja saa ngapi ameruka swali la kwanza.

Mimi nilianza kwenye zahanati ya jirani. Nikapigwa eksirei, nikaambiwa, "Mwalimu, mifupa mizima, nenda kapumzike." Kuhusu mifupa walisema kweli. Lakini eksirei haioni ligamenti, na "mifupa mizima" niliisikia kama "goti zima". Wiki sita nilizopoteza zilitokana na sentensi hiyo moja.

Eksirei ina kazi yake, nayo ni kutafuta mfupa uliovunjika. Kuna kanuni inayotumika sehemu nyingi duniani ya kuamua nani aipate baada ya goti kuumia: mwenye miaka 55 au zaidi, asiyeweza kupiga hatua nne, asiyeweza kukunja goti hadi pembe mraba, au mwenye maumivu hasa juu ya pia ya goti au kwenye kichwa cha mfupa mwembamba wa nje ya muundi. Zaidi ya hapo, picha yenyewe mara chache humwonyesha daktari kipande kidogo cha mfupa kilichong'olewa pembeni ya goti, na hicho humtonya kwamba ACL nayo huenda imekwenda.

Mkono ndio kipimo cha bei rahisi kuliko vyote na ndicho kinachodharauliwa zaidi. Unalala chali, goti limekunjwa kidogo tu, kama nyuzi 20 hadi 30. Daktari anashika paja kwa mkono mmoja, anavuta muundi kuja mbele kwa mkono wa pili. Kinaitwa kipimo cha Lachman. Kwenye goti zima anahisi kusimama ghafla, kama kamba iliyokazika. Kwenye goti lililochanika mfupa unaendelea kuja, na mwisho wake ni laini. Asipopima na mguu mzima, mwambie apime, kwa sababu kuna watu waliozaliwa na magoti yaliyolegea na kipimo chako cha haki ni mguu wako wa pili. Udhaifu wa mkono ni siku za mwanzo: goti limejaa damu, misuli imekaza kwa uchungu, hakuna kinachovutika. Hapo jibu la busara ni "rudi baada ya siku kumi". Mgonjwa akilisikia anadhani amefukuzwa.

MRI, picha inayopigwa kwa sumaku, inaona karibu kila kitu: ligamenti, michubuko ndani ya mfupa, na meniskasi, vile vipande viwili vya gegedu vyenye umbo la mwezi mchanga vinavyokaa kati ya paja na muundi. Haitumii mionzi. Unalala ndani ya mtambo wenye kelele kama bati linalogongwa, nusu saa hivi, bila kujitikisa. Mimi ilinibidi nipande basi hadi Dar es Salaam. Lakini kuna kitu kimoja ambacho MRI haiwezi kukisema: kama goti lako litakubeba au litakukwepa, yaani kulegea ghafla ukilikanyagia. Picha ya goti langu na ya mpwa wangu zote ziliandikwa ACL imekatika kabisa. Ukitazama mstari huo pekee, tungepewa tiba moja.

Kwa hiyo kama fedha ni ya kuhesabu, ningeanza na mkono wenye uzoefu, yaani daktari bingwa wa mifupa au mtaalamu wa fiziotherapia (tiba ya mazoezi) anayeona magoti kila wiki. MRI ningeilipia pale jibu lake linapobadilisha uamuzi: goti limekwama, mgonjwa ni kijana wa michezo, upasuaji unapangwa, au ajali ilikuwa kubwa. Kwa mpwa wangu ilikuwa lazima. Goti lake lilikwama siku ya pili, halinyooki, kama mlango uliobanwa na kokoto. MRI ikaonyesha meniskasi imechanika na kipande chake kimejikunja katikati ya kiungo. Hilo ndilo lililomfikisha mezani kwa daktari wa upasuaji haraka, kuliko hata ile ACL.

Ajali ya bodaboda ni habari nyingine kabisa. Goti likigongwa kwa nguvu ligamenti kadhaa hukatika kwa pamoja, na mshipa mkubwa wa damu unaopita nyuma ya goti unaweza kuumia. Mguu ukiwa wa baridi, umepauka, umekufa ganzi au kidole gumba hakiinuki, usingoje asubuhi na usitafute MRI. Ni hospitali kubwa usiku huohuo, kwa sababu mguu unaokosa damu unahesabiwa kwa saa.

Na mkandaji? Mama yangu aliniitia mkandaji wake siku ya pili, na nilikandwa kwa maji ya moto na mafuta ya nazi mpaka nikaona nyota za mchana. Sina ugomvi na wakandaji, kuna maumivu ya mgongo wanayoyajua vizuri. Lakini goti lililojaa damu linataka kinyume: barafu iliyofungwa kwenye kitambaa kwa robo saa, bandeji ya kubana, mguu juu ya mto. Joto na kusuguliwa siku za mwanzo huongeza uvimbe. Kama shavu la mguu limevimba na linauma, kusuguliwa ni hatari zaidi, kwani inaweza kuwa damu imeganda ndani ya mshipa. Hospitali kwanza.

Kisu na mazoezi

Utafiti unaotajwa zaidi ulifanyika Uswidi, na matokeo yalitoka mwaka 2010. Walichukua watu 121 wenye miaka 18 hadi 35, wachezaji lakini si wa kulipwa, ambao ACL zao zilikuwa zimechanika karibuni. Kwa kura, 62 walipasuliwa mapema na kupewa mazoezi, 59 wakaanza na mazoezi pekee huku mlango wa upasuaji ukiachwa wazi. Baada ya miaka 2, maumivu, michezo na maisha ya kila siku vilikuwa sawa kwa makundi yote mawili. Katika wale 59, watu 23 walikuwa wameomba kisu. Ilipofika miaka 5 walikuwa 30. Waliobaki 29 walikuwa bado hawajapasuliwa.

Wanaotaka kisu hutaja wale 30, wasiotaka hutaja wale 29. Mimi nasoma hesabu ileile tofauti kidogo: nusu ya watu waligundua wenyewe, wakiwa wamesimama kwa miguu yao, kwamba hawakuhitaji upasuaji. Kama wote wangepasuliwa wiki ya tatu, hakuna ambaye angejua ni nani alipasuliwa bure.

Uholanzi nao walifanya kama hivyo kwa watu 167, matokeo yakatoka 2021. Nusu ya waliopangiwa mazoezi hatimaye walipasuliwa. Waliopasuliwa mapema walipata alama bora kidogo za hali ya goti, tofauti ndogo hivi kwamba watafiti wenyewe walitilia shaka kama mgonjwa angeihisi.

Halafu ukaja utafiti wa Uingereza wa 2022, ambao unapaswa kusomwa na kila mtu aliyekaa na goti bovu mwaka mzima akijiambia litapoa. Hawa 316 hawakuwa na majeraha mapya. Magoti yao yalishazoea kukwepa. Baada ya miezi 18, waliopangiwa upasuaji walifika wastani wa alama 73 kati ya 100, waliopangiwa mazoezi 64.6, na asilimia 41 ya hao wa mazoezi walikuwa wameishapasuliwa. Jeraha bichi linaweza kupewa nafasi. Goti ambalo mwezi wa kumi bado linakuangusha limekwishajibu.

Kukwepa huko ndiko kipimo chenyewe. Unashuka ngazi, au unageuka kumwangalia aliyekuita, goti linatoweka chini yako kama kidaraja cha mbao kilichooza. Kila likikwepa, mifupa inasagana na meniskasi inaweza kuchanika, na meniskasi ikiisha, uzee wa goti unakuja mapema. Kwa hiyo njia ya mazoezi si kukaa ukisubiri. Wengi tunaowasikia "walishindwa na mazoezi" hawakufanya mazoezi: walipumzika, uvimbe ukaisha, wakarudi uwanjani.

Mazoezi yenyewe ni kazi ya miezi mitatu kwa uchache, mara tatu kwa wiki au zaidi. Kwanza goti linyooke kabisa, lilingane na la pili. Kisigino juu ya mto, unakaza paja sekunde tano, unaachia, hadi uchoke. Kisha kuchuchumaa nusu, kupanda na kushuka kizingiti, kusimama kwa mguu mmoja ukipiga mswaki. Misuli ya nyuma ya paja ipewe kazi sawasawa, maana yenyewe ndiyo inayouvuta muundi kurudi nyuma badala ya ligamenti iliyokufa. Mimi sikuwa na mashine. Nilikata mpira wa ndani wa baiskeli nikaufunga kwenye nguzo ya baraza, nikashona mfuko wa mchanga wa kilo mbili, na jioni nikawa natembea ndani ya maji ya kifua pale Raskazone. Mtaalamu wangu nilimwona mara moja kila wiki mbili ili aongeze ugumu na anikosoe. Hilo la kukosolewa ndilo watu huacha ili kuokoa nauli, na ndilo lenye thamani.

Kingine kilichonishangaza: ile ACL iliyokatika wakati mwingine hujishika tena. Mwaka 2022 picha za MRI za wale Waswidi wa mazoezi zilitazamwa upya, na kati ya 30 ambao hawakuwa wamepasuliwa ndani ya miaka 2, 16 walikuwa na dalili za kupona. Si ahadi, na daktari hawezi kukuambia mapema kama utakuwa mmoja wao. Lakini ule usemi wa "haiponi kamwe" umelegea.

Upande wa kisu, elewa kinachofanyika. ACL haishonwi ikarudi, kwa kawaida hujengwa nyingine. Kupitia matundu madogo, kamera inaingia kwenye goti, kano inachukuliwa mahali pengine mwilini mwako, inapitishwa kwenye vishimo vilivyotobolewa katika paja na muundi, inafungwa kwa skrubu au vifungo. Ganzi ya mgongoni mara nyingi inatosha. Hapa Tanzania mahali pa kwanza panapotajwa ni MOI, Taasisi ya Mifupa Muhimbili. Kenya watu wengi wanaijua hospitali ya PCEA Kikuyu. Hatari zake ni maambukizi, ambayo ni machache lakini mabaya yakitokea, damu kuganda mguuni, goti kukakamaa, na kano mpya kukatika. Hili la mwisho huwapata zaidi vijana wa chini ya miaka 20 na kitu wanaorudi kwenye michezo ya kugeuka ghafla, yaani walewale wanaohitaji upasuaji zaidi. Na upasuaji hauondoi uwezekano wa goti kuchakaa baadaye. Anayekuuzia kwa hoja hiyo, muulize tena.

Jambo ambalo pande zote mbili zinakubaliana: goti lenye moto, lililovimba na lisilonyooka halipasuliwi kwa haraka bila sababu kama ile ya kukwama, kwa sababu hukakamaa. Unafanya mazoezi hadi litulie na paja lirudi. Kwa hiyo anayechagua kisu naye huanza na mazoezi, na mwezi wa kwanza wetu sote wawili unapaswa kufanana.

Daktari aliyenisaidia hakuniuliza nataka tiba gani. Aliniuliza, "Mwalimu, hilo goti unataka likufanyie kazi gani?" Nikamjibu: kusimama darasani, kupanda pikipiki, kuswali, kwenda Lushoto kwa wakwe na kushuka mteremko wao bila kushikwa mkono. Mpira? Nikanyamaza. Akacheka, "Mpira wa Jumapili una kitambi, unaweza kuachwa." Mpwa wangu alijibu swali hilohilo kwa neno moja.

Majibu yenu yatakuwa tofauti na yetu. Fundi wa paa au mvuvi anayesimama kwenye ngalawa inayoyumba hachezi mpira, lakini goti lake likikwepa mara moja anaweza kufa. Huyo nisingemwambia asubiri muda mrefu. Mama mwenye duka anayetembea njia tambarare anaweza kuishi miaka 30 bila ACL na asijue. Binti wa mpira wa pete namweka karibu na mpwa wangu: ule mchezo wa kuruka, kudaka na kusimama papo hapo unaichosha ACL kama mpira wa miguu, na wanawake huichana kwa urahisi zaidi ya wanaume katika michezo ileile. Kombe la Dunia la wanawake la 2023, Uingereza na Uholanzi ziliwakosa Beth Mead, Leah Williamson na Vivianne Miedema, wote wa Arsenal wakati huo, wote kwa ACL.

Kano ya kupandikiza, na swala

Kwa anayekwenda kupasuliwa, hili ni chaguo ambalo daktari akikuachia usibaki umetumbua macho. Kano huchukuliwa sehemu tatu: chini ya pia ya goti pamoja na vipande vya mfupa, nyuma ya paja, au juu ya pia ya goti.

Ya chini ya pia ya goti inashika haraka kwa sababu mfupa unaungana na mfupa, na wengi huiamini kwa wachezaji wa nguvu kwa kuwa haikatiki ovyo. Dosari yake ni maumivu mbele ya goti, hasa ukipiga magoti. Kwenye vitabu vya Ulaya jambo hilo hutajwa kama usumbufu mdogo. Kwa mtu anayesujudu mara tano kwa siku, anayepalilia kwa kupiga magoti, au anayetokea kwenye kabila ambalo mwanamke husalimia wakwe kwa goti, si dogo. Ya nyuma ya paja inauma kidogo mbele, kidonda chake ni kidogo, ila huacha paja la nyuma likiwa dhaifu kwa kitambo, pengine na ganzi ya ngozi kwenye muundi, na kwa vijana inaelekea kukatika zaidi kidogo. Ya juu ya pia ya goti ni nene, ina maumivu machache ya kupiga magoti kuliko ya kwanza, lakini paja la mbele huchelewa kurudi, na si kila daktari ameizoea. Daktari aliyefanya aina moja mara mia ningempendelea kuliko aina bora kwenye mkono unaojaribu. Kano ya marehemu ipo katika nchi nyingine, na kwa kijana wa michezo hukatika zaidi. Sisi hatukuihitaji.

Mpwa wangu alichukuliwa ya nyuma ya paja. Alimwambia daktari kuhusu swala, daktari akamwambia kuhusu hatari ya kukatika, wakabishana kwa heshima nusu saa mimi nikiwa shahidi. Na choo cha kuchuchumaa? Kwa kuwa meniskasi yake ilishonwa, alikatazwa kukunja goti kupita pembe mraba kwa wiki kadhaa. Tulitoboa kiti cha plastiki katikati, tukakiweka juu ya choo. Hospitali haikutuambia hilo, tuliligundua asubuhi ya kwanza kwa shida.

Hatukuambiwa pia kuhusu bei. Tulipewa gharama ya upasuaji, tukachangishana, halafu siku moja kabla tukaelezwa kwamba vifungo na skrubu vinalipiwa peke yake. Omba hesabu kwa maandishi: chumba, ganzi, vifaa vya kufungia kano, kifunga goti, magongo, na hasa fiziotherapia ya miezi tisa. Uliza bima yako inalipa vikao vingapi. Familia ikiweza kulipia upasuaji lakini ikakosa nauli ya mazoezi, ni afadhali ile fedha ingekwenda kwenye mazoezi tangu mwanzo. Hapo sitanii.

Muda

Ukinilinganisha na yeye kwa kalenda, mimi nilikuwa darasani bila gongo wiki ya tatu baada ya kuanza mazoezi ya kweli, nikakimbia polepole kwa mstari ulionyooka mwezi wa nne. Goti lilikwepa mara moja, kwenye vigae vilivyolowa, nikakaa siku mbili nikijiuliza kama niende kisuni. Halijarudia. Nimejiwekea mpaka: likikwepa mara nyingine bila sababu ya kueleweka, narudi kwa daktari kuomba upasuaji, na sitaona haya.

Yeye alikuwa na magongo wiki sita kwa ajili ya meniskasi. Wengi wa ACL pekee huyaacha mapema zaidi. Mwezi wa tatu alitembea vizuri kuliko mimi, na hapo ndipo penye hatari. Kano iliyopandikizwa hupitia kipindi cha kuwa dhaifu wakati mwili unaigeuza kuwa ligamenti, na maumivu yanakuwa yamekwisha, hivyo hakuna kinachokuonya. Utafiti mmoja wa Norwe uliochapishwa 2016 ulionyesha kwamba kila mwezi unaoongeza kabla ya kurudi uwanjani, hadi mwezi wa tisa, unapunguza hatari ya kuumia tena kwa asilimia 51. Beki Virgil van Dijk wa Liverpool aliumia ACL Oktoba 2020 na alionekana tena kwenye mechi ya kirafiki mwishoni mwa Julai 2021. Miezi tisa, pamoja na klabu nzima ya madaktari nyuma yake.

Lakini kalenda peke yake haitoshi. Mguu uliopasuliwa uwe na angalau asilimia 90 ya nguvu ya mwenzake, na uruke kwa mguu mmoja umbali usiopungua kiasi hicho.

Mwezi wa saba timu yake ilikuwa na mechi ya mtoano, kocha akapiga simu mara mbili. Nikachora mstari wa chaki kwenye saruji ya baraza, nikachukua futi kamba ya mama. Mguu mzima: sentimita 148. Mguu wa upasuaji, mara tatu, bora yake 121. Nikamwandikia ukutani, asilimia 82.

"Mjomba, futi yako inapunja."

Nikampa apime mwenyewe. Akapima, akaenda jikoni, akarudi na ule mpira wa baiskeli, akaufunga kwenye nguzo.